Seti ya Mkunga

Dobi hakuwa na gari wala baiskeli. Hakuwa na shamba, hakuwa na kiwanja, hakuwa na mtoto wa karibu wa kumtuma dukani. Wawili aliowazaa walikuwa mbali, nao walipiga simu pale tu mambo yao yalipoharibika. Hakuwa na pensheni ya maana, kwa sababu hoteli aliyoipigia pasi mashuka na makoti ujana wake wote ilifunga milango mwaka mmoja kabla hajastaafu. Hakuwa na friji. Hakuwa na meno mawili ya juu, tena ya mbele, kwa hiyo alizoea kucheka kwa macho. Hakuwa na deni hata dukani, na hilo yeye alilihesabu kama mali. Na hakuwa na mahali pa kumkalisha mgeni, ila viti viwili vya plastiki, kimoja mguu wake umefungwa waya. Hicho cha waya alikikalia mwenyewe, maana ni yeye peke yake aliyejua kukikalia bila kuanguka.

Alichokuwa nacho ni pasi mbili, meza ndefu ya kunyooshea, suti moja ya kijivu, mke, na nyumba ya vyumba viwili kwenye ghorofa ya kati ya jengo la Bodi ya Makazi.

Nyumba hiyo ndiyo iliyomfanya asionekane maskini. Sehemu kubwa ya kodi ililipwa na serikali, kidogo kilichobaki akakilipa yeye kila mwisho wa mwezi, dirishani, kwa noti alizokwisha kuzipitisha chini ya pasi.

“Noti zako zinateleza, mzee,” karani alizoea kumwambia.

“Noti iliyokunjamana ni ya mtu aliyeomba,” Dobi humjibu, kisha huondoka mgongo umenyooka.

Mkewe alikuwa na dada yake katika jengo lile lile, chini kabisa, mlango wa kwanza ukiingia. Watu walimwita Mkunga, kwa kuwa alikuwa amewazalisha wanawake wa mtaa mzima kabla magoti hayajamgomea. Alikuwa mjane, anaishi peke yake, na mdomo wake haukuwa na breki. Yeye na Dobi hawakupishana kwenye ngazi bila kurushiana maneno.

“Shemeji, nguo za watu unazinyoosha mpaka zinakata kama wembe, mbona uso wako umeuacha na makunyanzi?”

“Pasi yangu haifiki huko, shemeji.”

“Basi lete pasi nikufikishie mimi.”

Mkunga ndiye aliyekuwa na seti. Nayo haikuwa seti ya mchezo: kochi kubwa la watu watatu na mengine mawili ya mtu mmoja mmoja, kitambaa cha rangi ya damu ya mzee, pindo za dhahabu, na mikono ya mbao iliyochongwa maua. Marehemu mumewe aliichukua kwa malipo ya polepole, akafa kabla ya kumaliza, na mjane akamalizia kwa kuzalisha watoto wa watu usiku na mchana. Katika ngazi ile nzima hakukuwa na kochi jingine la kuitwa kochi. Kwa hiyo desturi ikajijenga yenyewe, bila mtu kuitisha kikao. Mwenye ugeni wa heshima alishuka chini, akabisha hodi, na seti ikapanda ngazi.

“Mama Mkunga, kesho kutwa ninapata wakwe.”

“Na mimi leo ninapata usingizi. Njooni muichukue kabla sijalala.”

Ilipanda, ilishuka, ilipanda tena. Kinyozi wa ghorofa ya juu, mtu mwenye mikono mirefu na maneno marefu zaidi, alikuwa bingwa wa kuipitisha kwenye kona. Alijua ni mguu upi utangulie na ni upande upi ulazwe. Wakwe wangapi waliikalia seti ile na kurudi kwao wakisifu kwamba binti yao ameolewa pazuri, hakuna aliyewahi kuwahesabu.

Siku moja likabandikwa tangazo ukutani, penye mita za umeme: mkaguzi wa Bodi atapita nyumba zote. Halikusema zaidi. Lakini wapangaji hawakuhitaji kuambiwa zaidi, kwani wakaguzi walikwisha kuja miaka ya nyuma. Walichungulia masinki, walikagua vyoo, waliwakaripia wenye kuta zenye ukungu, na mama mmoja wa ngazi ya pili aliandikiwa barua ya onyo kwa sababu ya mafuta yaliyoganda dirishani. Basi watu wakafua mapazia, wakasugua sakafu, wakaziba nyufa kwa sabuni ya kipande. Na kwa kuwa mkaguzi naye ni mgeni, tena mgeni wa serikali, haikupita akilini mwa yeyote kwamba akalishwe kwenye ndoo.

“Yupi kati yetu apewe seti?” Kinyozi aliuliza walipokutana uani.

“Sote,” akasema Mkunga. “Mikono unayo, miguu unayo. Ataanzia juu, nimemsikia mlinzi akisema. Na seti ianzie juu, ishuke naye. Ikifika kwangu itakuwa imerudi nyumbani.”

Watu wakacheka, wakampigia makofi.

Mkaguzi alikuwa mwanamke kijana, mpole, amevaa viatu vya chini na mkononi ameshika kishikwambi alichokigusa kwa kidole kimoja. Kila nyumba alikaribishwa kochini, akapewa chai, akaulizwa habari za wazazi wake ambao hakuna aliyewafahamu. Kisha mama mwenye nyumba alimchukua kumwonyesha jiko, choo, bomba linalovuja na dirisha lisilofunga, na huku nyuma Kinyozi na wenzake wanaume watatu walivua viatu, wakainua, wakatoka na seti kimyakimya kama wezi wenye adabu, wakaiingiza nyumba ya jirani. Mkaguzi aliporudi sebuleni akakuta sakafu tupu, na mwenye nyumba tayari ameshika kitasa cha mlango akimwambia karibu tena.

Dobi alimpokea akiwa ndani ya suti yake ya kijivu. Nyuma yake, kwenye waya aliotandaza ukuta hadi ukuta, zilining'inia suti za wateja. Mkaguzi akakaa, akapapasa ule mkono wa maua.

“Kochi zuri sana, baba. La dukani hili, au mliagiza?”

Mkewe alikuwa ameshafungua kinywa aseme “La dada.” Dobi akamtangulia.

“Tuliagiza kwa fundi,” akasema. “Mimi sinunui vya dukani. Vinakatika mapema.”

“Na kitambaa?”

“Nilichagua mwenyewe. Fundi alitaka kuniwekea cha buluu, nikamkatalia.”

Mkewe akaangalia dari. Mkaguzi akagusa kishikwambi chake.

“Na kazi ya pasi, baba, inaendeleaje? Naona suti nyingi.”

Ukweli ni kwamba suti zile nusu yazo zilikuwa zimekaa pale tangu wenyewe washindwe kuzikomboa, na wateja wa kweli Dobi aliweza kuwataja wote kwa pumzi moja. Lakini binti huyu alikuwa amemwita baba, amekaa vizuri, chai inafuka, na mzee alijiona kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi kama mtu anayehojiwa kwa sababu ana jambo la kusema.

“Wateja hawakatiki,” akasema. “Wengine nawafukuza.”

Kila kitu kilikwenda sawasawa hadi ngazi ya mwisho. Hapo mikono ikachoka. Kochi kubwa likaingia kona kwa pembe mbaya, mguu ukanasa kwenye chuma cha ngazi, na Kinyozi akabanwa shavu ukutani. Walikuwa bado wanapumua kama farasi mkaguzi alipotokea juu yao.

“Poleni,” akasema.

“Tunahamisha tu,” Kinyozi akajibu kwa nusu ya mdomo.

“Naona. Linahama sana hili.”

Akajibana, akapita kati ya kochi na ukuta, akabisha hodi kwa Mkunga. Alimkuta amekaa kwenye kigoda, na sebuleni hamna kingine ila mkeka na kalenda ya mwaka uliopita.

*

Barua za Bodi zilikuja baada ya mwezi. Sasa ndipo watu walipoelewa mkaguzi alikuwa amefuata nini. Serikali haikutaka tena kuwalipia watu wote sawa; wapangaji walikuwa wamegawanywa madaraja kwa hali ya maisha yao, na kila daraja kodi yake. Nyumba zote zilizokalisha mkaguzi kochini zilikuwa daraja la tatu, la wenye uwezo. Kodi ilikuwa imepanda mara tatu. Anayeshindwa kwa miezi mitatu mfululizo, mlango wake utafungwa kwa kufuli la Bodi.

Mkunga alipata daraja la kwanza. Kodi yake ilipunguzwa.

Kama Dobi angelipa kodi ile mpya, kisingebaki cha mkaa wa pasi wala cha chumvi. Aliisoma barua akiwa amesimama, akaisoma tena akiwa amekaa, na mara hiyo kiti cha waya kikamsaliti, akaanguka nacho. Mkewe hakucheka. Alimshika mkono akamwinua.

“Nilitaka kusema ni la dada,” akasema.

“Najua.”

“Ulinikata kauli mbele ya mgeni.”

“Nimesema najua.”

Uani, penye bomba, watu hawakumkasirikia mkaguzi, kwa kuwa hakuwepo. Walimkasirikia aliyekuwepo. Nani alisema seti ianzie juu? Mkunga. Nani alijua mlinzi kasema nini? Mkunga. Na nani alikutwa amekaa kwenye kigoda kama yatima? Wanawake ambao aliwapokea watoto wao kwa mikono yake walianza kumpita mlangoni bila salamu, na mmoja alisema kwa sauti ya kusikika kwamba kuna watu wanaokuzalisha ili wakuuze.

Bodi ilikuwa na njia ya rufaa. Mpangaji aandike kwamba samani zilizoonekana si zake, amtaje mwenye nazo, na daraja la tatu litamhamia huyo. Kinyozi alikuwa wa kwanza kuandika, wengine wakamfuata. Bodi ikamwita Mkunga. Akaenda kwa magoti yake mabovu, akawekewa karatasi mbele, akaandika kwamba hana seti na hajawahi kuwa nayo. Watu wa Bodi wakaja kuangalia kwa macho yao. Kweli haikuwepo. Siku mbili kabla alikuwa amempa mwenye mkokoteni, kwa bei ya kutupa, ile seti iliyomla mumewe na yeye pamoja.

Dobi hakuandika. Aliona aibu kumtaja shemeji yake, na aliona aibu kubwa zaidi kumtaja fundi aliyemtunga. Badala yake alivaa suti, akaenda kwenye ofisi za Bodi azungumze kama mtu mzima. Akasubiri kwenye benchi hadi benchi likaisha watu.

“Mwanangu,” alimwambia mkaguzi, “lile kochi uliliona.”

“Nimelikalia nyumba nane, baba. Hadi kufika kwako nilikuwa nimeshajua ni upande gani springi imelegea.”

“Sasa kama uliona, kwa nini uliandika?”

“Nilitumwa kuandika kilichomo ndani ya nyumba. Kilikuwemo.” Alishusha sauti. “Niliwauliza wote, baba. Kila mtu niliuliza, la nani? Nilikuwa nawapa nafasi ya kusema. Wengine walicheka tu. Wewe uliniambia na kitambaa ulichagua.”

Dobi akatazama vifundo vya vidole vyake.

“Nisaidie.”

“Naweza, lakini si kwa mdomo. Sasa hivi ni barua za majirani wenye hasira dhidi ya barua ya mama mmoja mzee, na mkubwa wangu haamini upande wowote. Anataka mtu wa familia ya huyo mama, hata shemeji. Ndugu akiandika kwamba seti ilikuwa ya huyo mama, majirani wote wanarudi kodi ya zamani. Na wewe pia. Mwisho wa mwezi faili linafungwa.”

“Na yeye?”

“Ametia sahihi maneno ya uongo kwa Bodi. Anayefanya hivyo hana nyumba tena.”

“Mimi pia nilisema uongo.”

“Wewe ulisema, baba. Hukutia sahihi.” Akamtazama kutoka kola hadi viatu, wala si kwa dharau. “Na siku nyingine ukija hapa kulia shida, usije hivi. Mlinzi alidhani wewe ndiye mkubwa mpya.”

Habari ilifika jengoni kabla yake. Jioni ile Kinyozi alikuja na majirani watano, wakajaa sebuleni kati ya suti zinazoning'inia.

“Mzee Dobi,” alianza, “sisi hatukulazimishi.”

“Mmekuja watu sita kuniambia hamnilazimishi?”

“Tumekuja kwa heshima. Wewe ndiye mwenye mwandiko. Ulisoma madarasa ya jioni ukiwa na ndevu, sisi wote tunajua. Mistari miwili tu, nyumba zote zinapona.”

“Na moja inakufa.”

“Aliye na daraja la kwanza si anapunguziwa? Hizo alizopunguziwa ametuonjesha?” Kinyozi aliona maneno yake yamekuwa makali, akayapoza. “Sikiliza, mzee. Mama yule ametuzalishia wake zetu. Hatutamwacha barabarani. Akitolewa, tutamchangia. Kila nyumba, kila mwezi. Si ndiyo, jamani?”

“Ndiyo!” wakaitika wote, kwa sauti moja kubwa, bila hata mmoja kuuliza ni kiasi gani. Na hapo ndipo Dobi alipojua kwamba hawatachanga.

“Tokeni,” akasema. “Mnazikunja suti za watu.”

Walipofika mlangoni Kinyozi akageuka. “Haya, mzee mwenye kochi lake. Na fundi wako tusalimie.”

*

Asubuhi alishuka kwa Mkunga. Alimkuta anachambua mchele kwenye sinia.

“Karibu, shemeji. Kaa kwenye kigoda, mimi nitakaa mkekani. Si unaona sina kitu?”

“Shemeji, kwa nini uliwaandikia kwamba huna?”

“Kwa sababu sina.”

“Siku ile ulikuwa nayo.”

“Siku ile ilikuwa yako. Mdogo wangu alinihadithia. Uliagiza kwa fundi, ukakataa kitambaa cha buluu.” Akatupa kokoto dirishani. “Hongera. Ila ungenialika kuja kuikalia.”

“Nilikuwa nazungumza tu.”

“Na mimi nilikuwa nazungumza tu. Ila mimi walinipa kalamu.”

Dobi akaokota punje iliyodondoka mkekani.

“Ungetuambia mapema tungepanga,” akasema.

“Mpange nini? Miaka yote mnapandisha na kushusha, mliwahi kupanga? Leo wakwe wa huyu, kesho posa ya yule, keshokutwa msiba wa wale. Nitajie mtu mmoja aliyewahi kuniuliza, Mkunga, seti ikiwa kwetu wewe unakaa wapi?” Alisukuma sinia pembeni. “Nilikuwa nakaa hapo ulipokaa wewe. Hicho kigoda ndicho samani yangu, shemeji. Seti ilikuwa yenu, mimi nilikuwa bohari. Yule binti alizunguka jengo zima akidanganywa. Nyumba moja tu alikuta mtu amekaa anavyokaa. Ndiyo yangu. Sasa mnataka aifute hiyo.”

“Nyumba ni nyingi zitakazofungwa.”

“Nimezalisha nyumba zote hizo. Mtoto akigoma kutoka sikusema mama ni mmoja na ndugu wanaomsubiri ni wengi, basi tumwache. Ningekuwa na hesabu yako nusu yao wangekuwa makaburini.” Akalivuta sinia tena karibu. Aliposema tena utani ulikuwa umemtoka. “Nitakwenda wapi, shemeji? Mwanangu nilimpigia simu. Akasema mama, tutaongea. Mpaka leo tunaongea.”

“Uje kwetu.”

“Kwenye vyumba viwili? Kati ya suti za watu? Mdogo wangu nitamzeesha kwa siku moja.” Akamtazama. “Utaandika?”

“Sijui.”

“Unajua. Wewe ukisema hujui unakuwa umeshaamua. Ndivyo ulivyomwoa mdogo wangu, siku nzima sijui, sijui, na jioni mahari ikaletwa.” Akacheka kidogo, peke yake. “Ukiandika, usiniandike mwizi.”

Alipanda ngazi akikokota mkono kwenye chuma. Mkewe alikuwa anapuliza makaa ya pasi, na hakugeuka.

“Usiniulize,” akasema. “Nakuomba. Yule ni dada yangu na hii ni nyumba yangu. Ukiniuliza nitakujibu, na kwa jibu lolote nitakalokupa nitakuchukia.”

Hakumuuliza. Na mkewe alimchukia kwa hilo vilevile. Dobi aliliona siku zote zilizofuata, katika namna sahani ilivyowekwa mezani.

Mwezi ulipokaribia kwisha alijaribu njia nyingine zote. Alizungusha suti zilizosahauliwa akitafuta wenyewe. Mmoja alikuwa amehama, mmoja amefariki, mmoja akamwambia auze tu. Alijaribu kuziuza, na mnunuzi akazigusa kola akasema mtindo huu waliuvaa waliozikwa nao. Alikwenda hoteli mpya kuomba kazi ya pasi, wakamwonyesha mashine inayonyoosha mashuka mia bila kukohoa. Aliwapigia watoto wake. Mkubwa hakupokea, mdogo alipokea, akalia yeye kwanza.

Siku moja kabla ya faili kufungwa alitandika meza yake ya pasi kitambaa safi, akaweka karatasi, akaandika.

Alianza kwa heshima na taadhima. Aliandika kwamba yeye ni mpangaji mwaminifu, kwamba hajawahi kuchelewesha kodi. Alipofika penye seti alijaribu kuandika “mtu mwingine,” akaona wazi itarudishwa. Akajaribu “jirani,” akaona vilevile. Aliipitia barua ya Bodi tena, akitafuta mlango wa nyuma, hakukuwa na mlango. Basi akaandika jina la shemeji yake kamili, lile la kuzaliwa, ambalo hakuna mtu katika ngazi ile aliyelifahamu ila yeye na mkewe. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kama siku zote. Herufi zililala upande mmoja, kama nyasi zilizopigwa na upepo.

Alimaliza, akatia sahihi. Mkewe akaja akifuta mikono, akaichukua barua bila kuomba, akaisoma akisogeza midomo. Alisoma hadi mwisho, kisha akarudi katikati na kuweka kidole.

“Hapa umeandika, shemeji yangu alikana mbele ya maafisa.”

“Ndivyo alivyofanya.”

“Na hapa chini kidogo umeandika, nami siku hiyo niliteleza katika maelezo yangu.”

Dobi akafunika kalamu.

“Yeye alikana,” mkewe akasema polepole, “wewe uliteleza.”

Aliirudisha barua mezani, akaingia chumbani, akafunga mlango. Haukubamizwa, ulifungwa taratibu, mpaka komeo likasikika.

Dobi aliushika mstari ule kwa macho. Angeweza kuukata na kuandika juu yake “nilidanganya.” Neno fupi tu. Lakini karatasi ilikuwa safi, haina doa wala mkwaruzo, na aliona vibaya kupeleka barua iliyokatwakatwa kwenye ofisi ya watu. Aliikunja mara tatu, kwa ukucha, hadi kona zikakutana.

Gundi ya bahasha ilikuwa imekufa kwa kukaa sana. Akachukua wanga wa kutilia kola, akapaka ukingoni kwa kidole, akaifunika kwa kipande cha kaniki na kupitisha pasi ya vuguvugu juu yake. Ikashika.

Alivaa suti, akashuka. Mlango wa Mkunga ulikuwa wazi, na mwenyewe anafagia kizingiti, ameinama kwa shida.

“Umependeza, shemeji,” akasema bila kuinuka. “Unakwenda kwa wakubwa?”

“Napita tu hapo mbele.”

Ufagio ulisimama. Macho ya Mkunga yalikwenda kwenye mfuko wa koti, ambako ncha nyeupe ya bahasha ilikuwa imechungulia, yakakaa hapo kidogo, kisha yakarudi sakafuni.

“Haya,” akasema, na kuendelea kufagia. “Wasalimie.”

Sanduku la barua za Bodi lilikuwa ukutani, nje ya ofisi, limepakwa rangi ya kijani na tundu lake jembamba. Wanga ulikuwa haujakauka vizuri ukingoni. Bahasha ilinata tunduni, nusu ndani nusu nje, na kwa muda Dobi alisimama ameishika ncha kwa vidole viwili, huku watu wakimpita na wengine wakimwamkia kwa heshima kwa sababu ya suti. Kisha akaisukuma kwa kidole gumba, akasikiliza hadi ilipoanguka chini.